Sahani Moja kwa Jina la Mama

...na asiyeamini asiamini, aende mwenyewe akaulize kwetu Kusini, mimi Ubwa, kwa mkono huu huu uliofunikwa na shuka ya kinyozi, nlizing'oa bikoni tatu za mipaka ya hoteli mchana kweupe, nikazibwaga mlangoni kwa sheha, nikamwambia chukua hizi uzipande kwako, zikizaa utuletee matunda, na watu walicheka mpaka wakakaa chini, haya nani atabisha, Masoud? Masoud hana nafasi ya kubisha, kashika mashine inanguruma sikioni mwangu, anasema tulia Ubwa, usitikisike, ntakukata, kwani nani anatikisika, mimi sitikisiki, unaotikisika ni mguu tu, na mguu una sababu yake, kwa sababu kiooni, nyuma ya kichwa changu, kwenye benchi, kakaa askari. Karibu afande Kificho, alisema Masoud alipoingia, wa pili wewe, namalizana na huyu bwana harusi, bwana harusi wa wapi, naenda mahakamani mimi, kwenye kesi ya mama, saa nne, na kichwa kinyolewe vizuri ili hakimu asiseme mtoto wa Bi Wanu ni muhuni. Askari kavaa suruali ya kazi na fulana ya mpira, nusu Serikali nusu binaadamu, hujui umpe salamu ipi, nlimpa zote mbili, na sasa anapekua simu yake, anacheka peke yake, na wanaocheka peke yao mimi siwaamini, kama nsivyomuamini sheha anayekwambia njoo kesho na muhuri kaukalia, kama nsivyoiamini kampuni inayokuja na tabasamu kabla haijaja na fensi... bikoni tatu, basi mbili, moja ilikuwa imeshalegea yenyewe. Tulia, anasema Masoud. Nimetulia. Kumi na saba polisi waliwatia kwenye Difenda yao, wanawake kumi na saba wamelowa mpaka kiunoni, na kosa lao nini, wameingia kwenye kamba zao wenyewe za mwani, kamba walizozifunga kabla ya huyo mwekezaji kujua Unguja iko upande gani wa dunia, ati wamevuka maboya ya hoteli, wamevamia, na bahari wameivamia vipi, bahari ina mlango? Nlikuwepo mimi, nlimwambia yule mkubwa wao uso kwa uso, muachie mama yangu au unitie na mimi ndani, nlimwambia hivyo, au nlitaka kumwambia, nlikuwa juu ya mnazi, lakini sauti yangu inafika mbali. Simu inatetema mfukoni, huyo ni Riyama, dada yangu, keshanipigia mara tatu, najua atasema nini, uko wapi weye, mama keshavaa, kakaa kitandani na pochi yake anakungoja wewe. Masoud ananigeuza kichwa kwa vidole viwili, na hapo nikaisikia. Sauti ya mama. Imetoka benchini, ndani ya simu ya askari, video ya siku walipokamatwa, ndogo, kali, na upepo wa pwani nyuma yake, "Mimi sitii dole mimi! Mimi natia saini! Lileteni hilo dole nilione!" Kificho akacheka mpaka benchi likalia. "Msikie bibi huyu, Masoud. Ati anatia saini." Anarudia tena. Mara ya pili. Mimi sitii dole mimi! Mshenzi we, unamcheka mama yangu, kama si wembe huu shingoni ningesimama, wallahi ningesimama nikakwambia, huyo alianza skuli ya watu wazima ana miaka arubaini na tatu, akitoka baharini vidole vimekunjamana kwa chumvi akashika penseli, akaandika jina lake kwa makaa kwenye ukuta wa jiko, kwenye bati la unga, kwenye ndoo, WANU, herufi kubwa zimelala ubavu, na toka siku ile hajatia dole popote, alimkatalia hata karani wa kitambulisho, akamwambia ngoja mwanangu, usinikimbize, nami nikakaa nikamngoja robo saa amalize N. Na ndiyo maana kila mtu kwetu anasema kampuni ya hoteli imeghushi madole ya kina mama, na mimi nasema imeghushi, nasema kuliko wote, nimesema barazani, nimemwambia mwanasheria, walikaa ofisini kwao na kidau cha wino wakajipigia madole wenyewe. "Hawa wamesharidhia kuiachia hoteli pwani, kwa madole yao," anasema Kificho, "sasa wanalia nini tena?" Masoud anasema, "Labda hawakujua wametia nini, afande, watu wa shamba." "Labda! Dole halisemi labda, yakhe. Mtu anasema uongo, karatasi inasema uongo, lakini dole? Niletee madole mia, wapo wataalamu watakwambia hili la fulani, hili la fulani. Leo hakimu anaweza kuamuru yapimwe, na huyo bibi wa saini atanyamaza." Chini ya shuka kidole gumba changu kimeingia ndani ya ngumi chenyewe, sikukiambia. Mna hila nyinyi, mna hila! Mkutano wenu na sisi, nyinyi kampuni, mkauweka siku ya bamvua, saa maji yamekupwa mpaka kule mbali, na mwanamke wa mwani siku ya bamvua hata akifiwa anafunga kamba zake kwanza ndipo alie, mkajua, sheha alijua, mama yake mwenyewe alikuwa majini, kwa hivyo skuli tukakaa wanaume na vijana, na nyuma sufuria za pilau zinanukia mpaka maneno ya maendeleo hayasikiki, na kwetu chakula kikigawiwa na mtu wa nyumba yako hayupo unamwekea, unalitaja jina lake, unambebea sahani yake, asiyefanya hivyo kalelewa na nani? Karani wa kampuni akapitisha karatasi, kila mama jina lake, kila jina dole moja, kila dole sahani moja, haraka jamani inapoa. Tukawawekea mama zetu, wake zetu. Sote. Dole letu, jina lao. Nlimbebea mama sahani imefunikwa kawa, kaja kutoka baharini anatetemeka, kala mpaka akatafuna mfupa, akasema Mungu awape, nani hawa, nikamwambia kampuni. Akawaombea dua! Sasa wanaume kumi na saba tumefunga midomo, kwa sababu kutia dole kwa jina la mtu ni jela, na ni rahisi kusema wameghushi, na wao, mbwa hawa, wanajua tutanyamaza, hiyo ndiyo hila yenyewe, hawakuiba kwa mkono wao, waliiba kwa wetu. Simu inatetema. Haya, basi, ntasimama. Saa nne, mbele ya hakimu, mbele ya mama na pochi yake, ntasema lile dole ni langu mimi, pimeni, ntasema tulidhani orodha ya chakula, maandishi madogo kama mayai ya chawa, hakuna aliyesoma... Hakuna aliyesoma. Wembe uko kisogoni, baridi, Kificho anairudia sauti ya mama mara ya tatu, mimi sitii dole mimi, nami kiooni namtazama mtu mwenye nusu ya nywele, fundi wa kusema, bikoni mbili, basi moja, na niliirejesha Magharibi haijaingia, na hilo ndilo dogo. Nilisoma. Skuli niliacha kidato cha pili lakini kusoma najua, na juu ya karatasi ile paliandikwa RIDHAA YA KUACHIA ENEO, herufi kubwa kuliko za mama, na karani akaniona nasoma, akatabasamu, akasema kijana msomi kama wewe tunamtaka kwa kazi, getini kwetu, msomi, hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na mzee Nahodha kando yangu, macho yake hayaoni, kidole keshakichovya kwenye wino kwa ajili ya mkewe, akakiweka hewani, akaniuliza, imeandikwa nini hii, mwanangu, soma wewe unayejua, na nyuma yake foleni nzima ikanyamaza kunisikiliza mimi, nami nikamshika mkono nikamuonesha pa kuweka, nikamwambia, ya pilau, mzee, tia.