Mwaga Oili

Nuru ya Stechford, mtaa wa Birmingham, haiingii, inachungulia. Inapenya kwenye kipande cha plastiki kilichopauka juu ya gereji, inashuka polepole katikati ya vumbi la chuma, vumbi la kutu, vumbi la miaka sitini, na ikilifikia gari la Ostini la rangi ya maziwa inatulia hapo, haina haraka. Chini ya nuru hiyo wanaume wawili waliifungua injini. Chini ya nuru hiyo hiyo wakaifunga. Kati ya kufungua na kufunga ilipita miaka minne.

Mmoja ni Alfayo, Mkenya wa Kisii, mwenye kazi ya kulea wazee wa watu: kuwaosha, kuwalisha, kuwabembeleza wameze vidonge. Wa pili ni Évariste, Mkongo wa Bukavu, fundi wa injini tangu ndevu zake hazijaota, ambaye hapa Birmingham anasukuma ufagio kwenye korido za hospitali. Cheti chake cha ufundi kimeandikwa Kifaransa, na waliopewa wakisome walikigeuza geuza wakamrudishia. Basi mikono ile, mikono iliyojua kusikia maradhi ya injini kwa kugusa tu, wiki nzima inashika ufagio, na Jumapili baada ya misa inashika spana. Jumapili ndipo Évariste alipokuwa Évariste.

Nataka ulijue jambo hili mapema, usije ukasema sikukwambia: Alfayo hakuwa na mtu mwingine. Mke alishakwenda zake. Watoto wamekuwa wakubwa, wakipiga simu wanapiga kwa Kiingereza na kwa haraka. Wakenya wenzake anawaona kwenye harusi na kwenye michango ya misiba, wanasalimiana, wanapigana picha, basi. Évariste peke yake ndiye aliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Katika mji mzima wenye watu wote hao, udugu wa Alfayo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa unanuka grisi.

Mwaka wa kwanza walitoa kutu. Mwaka wa pili walitafuta pistoni. Mwaka wa tatu walitafuta kamshafti, ule mhimili wa kufungua vali, wakaipata, wakaifunga kitambaa, wakailaza kwenye kiti cha nyuma cha basi, wao wakasimama. Mwaka wa nne injini ilinguruma, na wanaume wawili wenye mvi wakakumbatiana wakiruka ruka mle gerejini, wakapigana vibao vya mgongo hadi wakakohoa.

Halafu likaja swali. Oili gani?

Jamani, oili gani! Unaweza kucheka. Lakini injini iliyofumuliwa ikaundwa upya ni kama mtoto mchanga aliyetoka hospitali leo: kila anayekuja kumwona ana maoni yake kuhusu maziwa. Alfayo alitaka nambari arobaini, nzito, ile aliyoizoea kwenye malori ya majani chai kule kwao. Oili nyepesi, alisema, ni maji ya kuoshea vyombo. Gari kuukuu linataka kitu kizito, kitu cha kushika chuma kikakishikilia.

Évariste alitaka ishirini kwa hamsini, isiyo ya sintetiki, yenye zinki ya kutosha, maana kamshafti ya zamani isipopata zinki inalika kimyakimya mpaka inakwisha.

"Yaya, ile yako ni nzito sana," alisema. "Asubui na hii baridi haiwezi kupanda mbio. Huku juu chuma inakula chuma, na wewe uko unafurahi tu."

"Wewe umesomea Bukavu, mimi nimekulia na haya magari."

"Gari haiko na kabila, yaya."

Wakacheka siku hiyo. Bado walikuwa wanacheka.

Kwa maili mia tano za kwanza walikubaliana watie oili ya kuizoesha injini, ile ambayo Évariste aliileta mwenyewe, kisha itolewe yote na itiwe oili ya kudumu. Walizimaliza maili hizo pamoja, Jumapili kwa Jumapili, Alfayo kwenye usukani na Évariste pembeni, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Kwenye benchi la gerejini kulikuwa na makopo mawili bado na muhuri: arobaini ya Alfayo, ishirini kwa hamsini ya Évariste. Oili gani? Jumapili ya mwisho hawakucheka tena. Alfayo alisema gari ni langu. Évariste alisema sawa, gari ni lako, akavaa koti lake akaenda kituoni.

Ewe oili, wewe uliyeumbwa chuma na chuma visiumane, ungetufanyia hisani gani ukitiwa katikati ya watu!

Siku nne Alfayo hakulala vizuri. Alisoma kila alichoweza kusoma kwenye simu, akamuuliza mzee mmoja Mwingereza anayemlea, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari, na mzee akamjibu bila kufungua macho: ishirini kwa hamsini, na zinki. Basi Alfayo akajua ameshindwa. Akaona afadhali. Kushindwa na ndugu yako si kushindwa. Alhamisi, wakati wa mapumziko ya chai, akashika simu akamrekodia Évariste sauti. Moyo ulikuwa mwepesi, lakini kiburi bado kilikuwa mlangoni, na ujumbe ulipotoka ulitoka mkavu hivi:

"Fundi, nimechoka kubishana. We mwaga oili tu. Jumamosi naitoa gari."

Ee neno dogo, neno la kila siku! Kwa Alfayo, kwa kila Mkenya aliyewahi kupeleka gari gereji, kumwaga oili ni kuitoa ya zamani na kutia mpya. Neno moja, kazi mbili. Hakuna anayeuliza. Mwaga oili: umeshinda, ndugu yangu, tia hiyo yako, Jumamosi tunalitoa gari letu watu walione.

Évariste aliisikiliza sauti ile kwenye korido, ufagio umeegemea ukuta. Akairudia. Akaisikia kama ilivyo: imwage. Imwage hiyo oili yako uliyoniletea, siitaki ndani ya injini yangu, nitatia yangu mwenyewe. Iliingia mahali pabaya. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na yaya ni yaya. Ijumaa alipotoka zamu alipitia Stechford, akafungua kizibo cha chini, akaacha oili yote ichuruzike ndani ya beseni hadi tone la mwisho, akakaza kizibo, akafuta mikono. Makopo mawili hakuyagusa. Si alisema amechoka kubishana? Basi ajichagulie.

Jumamosi umoja wa Wakenya ulikuwa na sherehe kwenye bustani moja Sutton Coldfield. Alfayo alifika gerejini amechelewa, shati jeupe, kiatu kimeng'arishwa, na hakukichomoa kile kijiti cha kupimia oili. Nisikilize vizuri hapa. Dereva yeyote mwenye akili hupima. Alfayo mwenyewe aliwahi kuwagombeza watu kwa kutopima. Siku ile hakupima kwa sababu moja tu: kazi ilikuwa ya Évariste, na kazi ya Évariste haikaguliwi. Kuna kuaminiana kuzidi huko?

Taa nyekundu ya oili iliwaka. Akadhani ni nyaya, maana nyaya za gari lile zilishamdanganya mara nyingi. Akapiga honi getini, akaingia barabarani, akaimba.

Maili tatu. Injini ilianza kugonga, ngo, ngo, ngo. Kisha ikapiga ukelele ambao Alfayo hajaacha kuusikia hadi leo, na ikakwama. Gari zito, kimya, likateleza hadi ukingoni. Akafungua boneti, moshi ukamlamba uso. Akachomoa kijiti. Kikavu! Kikavu kabisa. Akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena, kana kwamba huenda chuma kitamhurumia. Kikavu. Miaka minne ilikauka pale barabarani, na watu wakapita na magari yao mapya wakimtazama.

Gari likafika Sutton Coldfield juu ya lori la kuvuta, maana huko ndiko watu walikokuwa wanangoja. Évariste naye alikuwa anangoja. Alikuja kwa treni, suti ya misa, tai nyekundu. Pamoja na uchungu wake wote, alikuja kuiona injini yao ikiingia. Alipoliona lori akakimbia.

"Yaya, ilikuwa nini?"

"Unaniuliza mimi?" Alfayo alipiga kelele, na mbele yake palikuwa na watu hamsini wenye sahani za nyama mkononi. "Nilikwambia umwage oili!"

"Njo nilimwanga. Vile ulisema."

"Kumwaga ni kubadilisha! Hata mtoto wa chekechea anajua!"

"Kwetu tunasemaka vidange," Évariste alisema taratibu. "Ungesema vidange, yaya."

Hapo, hapo hasa, mtu mwenye bahati angejiuma ulimi. Mugambi, mwenyekiti wa umoja, mtu wa mizaha, akadakia kutoka nyuma, "Ala! Sasa tulitegemea Mkongo aache kucheza ndombolo ashike spana?" Watu wakacheka. Na Alfayo akakiona kicheko kile kama mlango wa kutokea, akaupitia. Akasema ndiyo. Akasema hawa watu ni wa suti na muziki. Akasema ndiyo maana hospitali wamempa ufagio, wazungu si wajinga, wamemwona ni wa kazi gani.

Kicheko kilipanda, kisha kikakatika ghafla. Jelagat, muuguzi anayemwona Évariste kazini kila siku, aliweka sahani yake chini akasema, "Alfayo, hapana." Lakini lilikuwa limeshatoka. Évariste alirekebisha tai yake. Akarudi kituoni kwa miguu, mgongo umenyooka, na hakuna aliyemfuata.

Wiki tatu Ostini ililala chini ya turubai. Wiki tatu Alfayo aliwaosha wazee wa watu, akawalisha. Siku moja akiwa ndani ya basi alifungua simu, akaisikiliza ile sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine anavyoisikia. Fundi, nimechoka kubishana. Hata jina hakulitaja. We mwaga oili tu. Akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Ni mimi, alisema kwa sauti, na mama aliyekaa mbele yake akageuka.

Alishuka, akapanda basi la Harborne, akakwea ngazi za nyuma ya duka ambako Évariste amepanga. Mlango ulifunguliwa kidogo. Évariste alisimama pale na soksi, taulo begani, akangoja.

Alfayo alisema yote. Alisema nilikuwa nimekubali oili yako. Alisema ujumbe ule ulikuwa wa kusema umeshinda, kiburi ndicho kilichoufupisha. Alisema sikupima kwa sababu nilikuamini kuliko ninavyojiamini. Alisema nisamehe, ndugu yangu, tulikoseana neno tu, neno moja, Kiswahili chetu na chenu, tuifungue injini tuanze upya, na safari hii wewe ndiwe utakayesema oili gani.

Évariste alimsikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha, vile alivyokuwa akiisikiliza injini.

"Ile ya mwaga hatukusikilizana, njo bahati mbaya," alisema, kwa adabu ya kumjibu mgeni. "Ile nilishakusamehe, Monsieur Alfayo. Lakini yale ya Sutton," akaushika mlango, "yale nilisikia yote."

Akaufunga taratibu, bila kuubamiza.