Mikate ya Lathrop

Msimu ule wa 1925 timu yetu ya Corrigan Gap ilianza vizuri kuliko wakati mwingine wowote, na nadhani ndiyo maana aibu iliyofuata iliuma namna ile. Tuliwafunga majirani zetu mfululizo, watu wakaanza kusema kwa sauti kwamba ubingwa wa miji ya makaa ya mawe safari hii ni wetu. Lakini mgomo wa wachimbaji, ambao wengi walidhani utakwisha baada ya wiki mbili, ulikataa kwisha. Migodi ilifungwa. Wachezaji wetu karibu wote walikuwa wachimbaji, na watazamaji wetu pia, kwa hiyo Jumapili watu walitazama mechi kutoka juu ya vilima vya mabaki ya makaa ambako hakuna kiingilio.

Kazys Norkus alicheza safu ya mbele. Alikuwa Mlithuania, mpana kama mlango wa ghala, mpole, wa maneno machache. Katika mpira wetu, ule wa Kimarekani unaobebwa mikononi, mtu wa safu ya mbele kazi yake ni kusukuma na kusukumwa ili wenzake wapite, na anaweza kumaliza msimu mzima bila kuushika mpira mkononi. Kazys hakulalamika. Kilichomsumbua kilikuwa nyumbani, mezani. Mkewe, Ona, alimpakulia yeye kwanza. Viazi vikiwa vichache, vyote vilikuwa vyake. Binti zao wawili walipata maji ya kabichi.

"Watoto hawagongani na mtu Jumapili," Ona alisema. "Kula, mume wangu."

Kazys alikula ameinamia sahani ili asikutane na macho ya Birutė, binti mkubwa.

Mwezi wa kumi timu ilisafiri kwa treni kwenda Lathrop, mji wa viwanda vya hariri ambao haukuwa na mgomo. Treni ilichelewa, wakashuka wakiwa wamekwisha kuvaa jezi, na hoteli moja ya pale ikawakaribisha chakula cha mchana kabla ya mechi. Kulikuwa na paja la nguruwe lililokatwa vipande vinene, siagi, pai ya matufaha, na mikate midogo ya duara iliyotoka tanuri muda uleule. Wanaume walikula kama watu walio kanisani.

Kazys alikula mkate mmoja, wa pili akauweka kando. Alipoona mhudumu amegeuka, alifunga mikate na nyama ndani ya kitambaa cha meza, akakisukuma chini ya jezi yake na kuukaza mkanda. Alikusudia kukificha chini ya benchi uwanjani. Lakini alipofika, watoto wa Lathrop walikuwa wanarukaruka huku na huku kwenye lile benchi, naye akaogopa watakiona. Filimbi ikalia. Akaingia uwanjani na chakula tumboni, nje ya ngozi.

Robo ya kwanza ya mchezo ilipita salama. Katika robo ya pili mpira ukamponyoka mchezaji wa Lathrop, ukadunda vibaya kama unavyodunda mpira wenye umbo la yai, na ukaja wenyewe mikononi mwa Kazys. Mbele yake hapakuwa na mtu. Alikimbia. Wenzake walipiga mayowe nyuma yake, na kapteni wetu, Emrys Pugh, Mwelisi mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, alisikika uwanja mzima: "Nenda, Kazys! Nenda, kaka, nenda!"

Hatua chache kabla ya mstari wa goli, beki wao mmoja, jitu linaloitwa Lindauer, alimrukia kwa upande na kuidaka jezi. Jezi ikachanika kutoka kwapani hadi kiunoni. Mikate ikamwagika kwenye nyasi, na vipande vya nyama juu yake.

Kazys alikuwa bado hajaanguka. Angeweza kujitupa mbele na kuvuka mstari. Badala yake aliuachia mpira, akapiga magoti, akaanza kukusanya mikate.

Wachezaji wa Lathrop waliuokota mpira na kukimbia nao hadi kuvuka mstari wetu wa goli bila kuzuiwa na mtu, kwa sababu hata wachezaji wetu walikuwa wamesimama wanashangaa. Kisha Lindauer akasema, tena bila ubaya, kama mtu aliyeshikwa na kichekesho, "Jamani, huyu bwana ana mimba ya mikate!"

Hapo ndipo vicheko vilipopasuka. Mtu mmoja jukwaani akapaza sauti, "Hicho kitambaa ni cha hoteli! Mwizi huyo!" Mwamuzi akavichukua vyote, kitambaa, mikate na nyama, akavitoa nje ya uwanja kwa ncha za vidole. Kazys alicheza mechi yote iliyobaki jezi ikiwa imepasuka, na kila alipoinama kwenye safu, jukwaa liliimba, "Mwokaji! Mwokaji! Umeiva?"

Tulishindwa kwa goli lile moja.

Ndani ya treni ya kurudi hakuna aliyemsemesha. Kazys aliketi dirishani ameshika kofia yake ya ngozi ya kuchezea mapajani. Baada ya kupita stesheni mbili tatu alianza kusikia harufu. Ilikuwa harufu ya paja la nguruwe. Ilitoka kwenye makoti ya wenzake, kulia, kushoto, nyuma. Akamtazama Pugh. Pugh akafunga kifungo cha juu cha koti lake na kuangalia nje, ambako kulikuwa na giza tu.

Nyumbani aliingia mikono mitupu. Ona alijua habari zote kabla ya jua la kesho yake kupanda, maana mji wetu una kuta nyembamba, na gazeti la Lathrop lililofika siku iliyofuata lilituita Timu ya Waokaji. Kazys akaacha kutoka. Kanisani alikaa mlangoni na kuondoka kabla ya baraka. Mchana alikaa nyuma ya jiko, na Ona akipakua chakula alisema ameshiba.

Mechi ya marudiano ilipokaribia, ya kuchezwa kwetu, Pugh alikuja kumbembeleza.

"Bila wewe safu ya mbele ni uzio wa kuku, Kazys. Mwenyewe unajua."

"Tafuta mtu mwingine."

"Watu wamesahau bwana."

"Nilisikia harufu, Kapteni."

Pugh alivua kofia, akaigeuzageuza. Uso wake ulikuwa umeiva hadi masikioni. "Nyama ilikuwa kwenye soksi, ndani ya koti langu," alisema mwishowe. "Watoto walikula mpaka wakalamba karatasi."

"Sikulaumu kwa hilo. Lakini ulikaa mbele yangu njia nzima, ukaniacha mimi peke yangu niwe mwizi."

"Niliona aibu."

"Na mimi je?"

Aliyejibu ni Ona, akiwa na binti yao mdogo kiunoni. "Kacheze, Kazys. Si kwa ajili ya huyu. Nimechoka kukuona nyuma ya jiko kama paka mgonjwa."

Akaenda.

Lathrop walikuja na treni nzima ya mashabiki, na mashabiki walikuja na magunia. Hatukujua ya nini. Timu zilipojipanga, na Kazys akainama mahali pake, magunia yakafunguliwa. Mikate mikavu ya siku nyingi ikaanza kunyesha uwanjani, migumu, ikidunda. Mmoja ulimpiga Kazys mgongoni. "Karibu mezani, Mwokaji!" walipiga kelele. "Jaza jezi!"

Watu wetu waliinamisha vichwa. Wanaume waliokuwa juu ya vilima walishuka, wengine wakiokota mawe, na pengine siku ile ingeisha kwa damu. Ila Ona alikuwa amekwisha kuingia uwanjani. Alikunja aproni yake ikawa kama mfuko, akaokota mkate, akaupangusa udongo, akautia ndani. Akaokota mwingine. Hakumtazama mtu. Mwanamke wa pili akamfuata, kisha wengi, wake za wachimbaji na mama zao, wote wameinama miguuni pa wachezaji kama watu wanaovuna viazi.

Vicheko viliendelea kidogo, kisha vikapungua, mwishowe vikabaki vya mlevi mmoja tu.

Kazys alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipotamani kufa. Ile siku ya kwanza aliinama yeye. Leo alikuwa anamwona mkewe ameinama mbele ya watu wale wote. Alimshika mkono. "Ona, inuka. Nakuomba, inuka."

"Shika hii," Ona alisema, akampa mkate, "usisimame tu kama nguzo."

Kazys akapiga magoti karibu naye.

Ndipo Pugh alipotembea hadi mbele ya jukwaa la wageni, akasema kwa ile sauti yake ya tarumbeta, "Mimi pia niliiba! Mimi, kapteni! Nyama niliificha kwenye soksi!" Wachezaji wengine wawili wakainua mikono polepole. Waliobaki waliangalia viatu vyao. Lindauer, yule beki mkubwa, aliokota mikate iliyokuwa karibu naye, akamletea Ona, na hakuweza kumwangalia usoni. "Samahani, mama," alisema kwa sauti ndogo, ingawa Ona alikuwa mdogo kwake.

Mechi ikachezwa, na Lathrop wakatufunga tena. Mashabiki wao walirudi stesheni bila kuimba.

Jioni ile Ona alilowesha mikate ile kwa supu ya vitunguu. Watoto walikula. Kazys alikaa na kijiko mkononi hadi Birutė alipomuuliza, "Baba, ni mibaya?" Akasema hapana, si mibaya, akala.

Timu ilivunjika kabla ya msimu kwisha. Mgomo ulikwisha wakati wa theluji, na Kazys akarudi chini mgodini. Miaka ilipopita, watu wetu walianza kuisimulia siku ile kwa kujivuna, na katika kila harusi alitokea mtu wa kuianzisha. Ona aliipenda hadithi hiyo. Alicheka hadi machozi, na kila mwaka mikate ndani ya hadithi iliongezeka. Kazys kila aliposikia neno Lathrop alichukua kofia yake, akatoka kwenda kusimama nje kwenye baridi, na hakuingia mpaka walipohamia mazungumzo mengine.