Aliyebaki Mezani

Mshonaji alikunywa chai amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Binti yake mdogo alikuwa akimsimulia habari za konokono aliyepanda ukutani, naye aliitikia "ee, ee" huku anasaka ufunguo. Alipofika mlangoni aligeuka kuaga, akajiona ameketi mezani, kikombe mikononi, anamsikiliza mtoto.

"Nimechelewa," alisema.

"Nenda basi," akajibu yule wa mezani. "Mimi namalizia chai."

Akaondoka mbio. Kiwandani alishona mikono ya mashati mpaka vidole vikafa ganzi, na roho haikutulia. Jioni aliwakuta wamechuchumaa uani, yule mwingine na mtoto, wanatazama sisimizi wakikokota bawa la kipepeo.

"Mama, huyu ameshinda hapa?" mshonaji alimwuliza mama yake mzazi, aliyeishi nao.

"Ameshinda. La maana hajafanya. Ila mtoto kamchana nywele taratibu, hata kulia hakulia."

Wakazoeana. Kitanda walilala kimoja. Yule mwingine alipitiwa na usingizi mara moja, huku mshonaji akigeuka huku na huku, mguu ukikanyaga chini ya shuka kama unaendesha cherehani. Mtoto alimwita yule mwingine Mama. Mshonaji mwenyewe, mtoto alimwita Mama wa Kazini, kisha, kwa kuona jina ni refu, Wa Kazini.

Hilo lilimchoma. Asubuhi moja alisema, "Leo nenda wewe. Mimi nikae na mwanangu."

Yule mwingine akaenda, bila haraka. Mshonaji aliketi na mtoto uani. Mtoto akamwonyesha umande kwenye utando wa buibui.

"Nimeuona," alisema mshonaji, akasimama.

"Bado," mtoto akamwambia. "Subiri jua lifike."

Alikaa, akasimama, akafagia, akakaa tena. Jua lilipofika alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Kabla ya adhuhuri yule mwingine alirudishwa. Alikuwa ameshona mkono mmoja tu, vizuri ajabu, kisha akakaa kutazama mwanga unavyopenya kwenye kitambaa.

Kesho yake msimamizi alimwita mshonaji kando. Hakuwa na hasira.

"Kumbe nyumbani una mtu wa kukaa na mtoto, yule wa jana. Hukusema. Basi na Jumapili utakuja."

"Yule ni mimi, bosi."

"Sawasawa. Kwa hiyo mapumziko unapata."

Mshonaji akarudi kwenye cherehani yake.

Jumapili, baada ya mvua, aliwaona kupitia dirisha la kiwanda wakipita barabarani, mtoto, bibi yake na yule mwingine, wanatembea kama watu wasio na pa kwenda. Walisimama kwenye dimbwi ambamo ndege alikuwa anaoga. Walisimama muda mrefu. Mshonaji alinyanyuka kidogo kitini ili amwone ndege huyo, lakini mgongo wa bibi ulimziba. Akapunga mkono.

Mtoto alimwona. Akampungia kwa adabu, kama anavyopungiwa jirani, kisha akageukia dimbwi.

"Mikono, mikono!" aliita msimamizi.

Mshonaji akaketi, akavuta shati jingine.