Nusu ya Kidonge cha Mnanaa

Chumba kilikuwa kimoja, ila kwa jinsi wale ndugu wawili walivyokigawa ungeapa ni maduka mawili. Upande wa mlangoni alifanya kazi yule mdogo, msusi, ambaye wateja walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Upande wa dirishani alikaa dada yake, fundi wa mapazia, mwanamke wa maneno machache na mshono ulionyooka. Katikati walining'iniza pazia la kijani lililoungwaungwa kwa masalio ya vitambaa, na huo ndio uliokuwa ukuta wao. Kasuku akisuka huku, cherehani ilinguruma kule, na maneno yalipita juu ya pazia kutwa nzima.

Kitu kingine kilichopita pazia hilo ni mkono. Mama yao aliwalea kwa kugawana kila kitu nusu kwa nusu: mkate, sabuni, shuka, hata surua, Kasuku alipenda kuwaambia wateja. Waume walikuja na waume wakaondoka, mmoja kwa kifo, mwingine kwa miguu yake mwenyewe, lakini nusu haikukoma. Mmoja akifungua kitu cha kutia mdomoni, mwingine alipenyeza kiganja kwenye upenyo wa pazia na kusema, "Nusu yangu." Kunyimwa hakukuwapo. Kukataa pia hakukuwapo.

Ndipo kikaja kikohozi. Kwanza walilaumu vumbi la vitambaa, wakafungua dirisha. Kikohozi kikabaki, dada akakonda mpaka tepu yake ya kupimia ikawa inamzunguka kiunoni mara mbili na kubaki. Hospitali wakampiga picha za kifua, wakachukua kinyama kidogo wakakipima, wakamwambia ni saratani ya mapafu, yeye ambaye hata moshi wa jirani ulimpigisha chafya. Daktari alisema kuna jambo moja la heri: saratani yake ni ya aina ambayo ina vidonge vyake mahususi, vinavyokwenda kuzima kile kinachoifanya ikue. Atameza nyumbani, kimoja kila asubuhi.

Mfamasia, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwakalisha chini akawaeleza taratibu. Kimezwe kizima, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Kisisagwe, kisivunjwe. Chai na chakula vingoje. Ukisahau cha leo, usifidie kwa viwili kesho. Ngozi ya uso huenda ikatoka vipele, usiogope, tuambie. Tumbo likiharisha, pumzi ikibana, usisubiri tarehe, njoo.

"Na kitu chochote kipya utakachotia mdomoni kama dawa, hata cha dukani, hata majani ya shambani kwa shangazi, mniulize mimi kwanza."

"Hicho kidonge je, nusu yangu naruhusiwa?" Kasuku aliuliza.

"Hicho ni chake peke yake," mfamasia alijibu, akicheka. "Wewe hata kukichezea sitaki."

Dada akaanza. Kabla mwezi haujaisha kikohozi kilinywea, na vipele vikamtoka usoni, mashavuni na puani, kama msichana anayebalehe. Kasuku alikuwa na la kusema.

"Jamani, dada yangu amerudi darasa la saba. Nimtafutie sare?"

"Nitafutie mchumba kwanza," alijibu dada kutoka nyuma ya pazia, na wateja wakacheka, maana akisema yeye huwa mara moja kwa wiki.

Kilichomkera dada si vipele. Ni kiungulia. Asubuhi, akishameza kidonge chake na kukaa kwenye cherehani, moto ulimpanda kifuani mpaka anaacha kukanyaga. Na kiungulia kilikuwa fani ya Kasuku. Yeye alikuwa nacho tangu enzi za yule mume aliyeondoka kwa miguu yake. Mfuko wa aproni yake haukukosa paketi ya vile vidonge vyeupe vya kutafuna vyenye ladha ya mnanaa, alivyovitafuna kama peremende na hata kuwagawia wateja.

Siku moja akasikia cherehani imenyamaza, akasikia dada anacheua kwa uchungu. Akatoa kidonge, akakivunja kwa meno.

"Dada, leta mkono."

Kiganja kikatokea kwenye pazia, kikasita.

"Hii haina ubaya na ile yangu?"

"Ubaya gani? Hii ni chaki yenye manukato. Tafuna, mama, ushone."

Kiganja kikapokea. Baada ya kitambo cherehani ikaanza kunguruma, na Kasuku akajisikia vizuri, kama mtu aliyezima moto kwa kikombe kimoja cha maji. Kuanzia hapo ikawa desturi: dada akishameza kidonge chake, mkono hupita pazia. Mchana tena. Jioni tena.

Siku ya kliniki mfamasia aliwauliza kama anavyouliza siku zote. "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

Dada alifungua mdomo. Kasuku baadaye alikumbuka hilo vizuri kuliko jambo lolote la siku hiyo: midomo ya dada yake iliyokwisha kuachana, pumzi iliyokwisha kuvutwa. Lakini utani ulikuwa umemfika Kasuku ulimini, na yeye hakuwahi kuumeza utani hata mmoja.

"Anatumia mimi," alisema. "Asubuhi, mchana na jioni, na hakuna nafuu."

Mfamasia alicheka mpaka akavua miwani. Waliokuwa wakingoja kwenye benchi nje ya mlango wakacheka. Dada akafunga mdomo, naye akatabasamu. Mfamasia akafuta machozi, akawapa vidonge, akaita mwingine.

Kasuku aliurudia utani ule chumbani kwao kwa kila mteja aliyekaa, na kila mara ulichekesha.

Kisha vipele vikaanza kukauka. Wiki baada ya wiki uso wa dada ukatakata, mashavu yakarudi laini, na Kasuku, ambaye ngozi na nywele ndiyo kazi yake, alimsogeza dada kwenye kioo cha wateja akamshika kidevu.

"Angalia uso huu. Ugonjwa umeshindwa, umefunga virago. Ngozi haisemi uongo, mimi nawaambia. Nimeshika vichwa vya watu miaka mingi."

Akamsuka siku hiyo mtindo wa bibi harusi, bila sababu, na dada akakaa kimya akijitazama kwa haya. Kikohozi kilianza kurudi katikati ya furaha hiyo. Wakalilaumu vumbi la vitambaa, wakafungua dirisha.

Picha mpya ya kifua haikuwa na habari ya ngozi. Uvimbe ulikuwa umekua, na pafu la pili nalo lilikuwa na madoa. Daktari alisema inawezekana saratani imejifunza kuikwepa dawa, huwa inatokea. Ila kabla ya kuamua lolote aliwarudisha kwa mfamasia, akakague namna dawa inavyotumika.

Yule mama hakuuliza swali lake la siku zote. Alisogeza kiti mbele ya dada.

"Nisimulie asubuhi yako. Unaamka, halafu?"

"Nanawa. Nakunywa maji. Nameza kidonge."

"Kizima?"

"Kizima. Sijala kitu. Halafu nakaa kwenye cherehani, napata nusu yangu, nangoja, ndiyo chai."

"Nusu ya nini?"

Dada akamtazama mdogo wake. Kasuku aliingiza mkono mfukoni na kutoa paketi. Akaiweka mezani.

Mfamasia aliisoma pande zote. Akauliza ni mara ngapi kwa siku, akauliza tangu lini, na sauti yake haikupanda. Kidonge cha saratani, alisema, kinahitaji ile asidi ya tumbo ili kiyeyuke na kuingia mwilini. Hivi vyeupe kazi yake ni kuiua asidi hiyo. Vikifuatana hivyo, sehemu kubwa ya dawa hupita tu na kutoka.

"Na vipele?" Kasuku aliuliza, sauti yake ikiwa ndogo. "Vilipona."

"Vilipungua. Huenda ni kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa haifiki."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Siku ile niliwauliza," mfamasia alisema hatimaye. Alikuwa ameshika miwani yake mkononi. "Nikacheka, nikasahau kungoja jibu."

"Jibu alikuwa nalo yeye," Kasuku alisema. "Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

Dada akavuta pumzi, ile yake fupi ya siku hizi. "Nilitaka kusema. Nikaona mnacheka, nikasema nianze kuleta habari za kiungulia hapa? Nikaona aibu. Acheni."

Wakaelekezwa upya. Vidonge vyeupe vikakoma. Kwa kiungulia wakapewa njia nyingine, na siku ambayo haikutosha dada alivumilia. Vipele vikarudi, na Kasuku, ambaye angeweza kutengeneza utani wa wiki nzima kutokana na mtu anayeombea chunusi, alivitazama kimya kila asubuhi, shavu hili na shavu lile.

Dawa ilifanya kazi, kwa kiasi. Picha iliyofuata ilionyesha uvimbe umesimama. Lakini kilichokwisha kuliwa hakikurudi. Dada hakuweza tena kukanyaga cherehani kwa muda mrefu. Alikata vitambaa akiwa ameegemea mto, na mapazia mapana aliyapeleka kwa fundi mwingine. Kasuku alimfuata daktari peke yake kwenye korido. Alitaka aambiwe ni yeye. Angalau angejua.

"Sijui," daktari alimwambia. "Huenda ingekua hata bila hivyo. Huenda isingekua. Hakuna atakayekuambia kwa uhakika, mama."

Alirudi na hilo. Lilikuwa zito kuliko lawama, maana lawama ungeweza kuiombea radhi.

Alimwomba dada radhi hata hivyo, siku moja walipokuwa wanafagia. Dada alisema, "Ulisikia naumia, ukanipa ulichonacho. Sasa unataka nikufanye nini?" Akaendelea kukusanya vipande vya nyuzi.

Kliniki sasa, swali la mfamasia likija, Kasuku hukaza midomo na kutazama sakafu mpaka dada amalize. Dada husema polepole, kwa pumzi zake za kukatika, na huchukua muda. Wote wawili humngoja.

Asubuhi moja chumba kikiwa bado hakina mteja, kiungulia kilimpanda Kasuku. Kule nyuma dada alikuwa ameshameza kidonge chake. Glasi ilisikika ikiwekwa juu ya meza. Kasuku akatoa paketi kwa uangalifu, kucha ikaipasua karatasi, na ule mlio mdogo ukasikika chumba kizima.

Kiganja kikapenya kwenye pazia, kimefunguliwa, chembamba, kina alama za sindano za miaka yote.

"Nusu yangu," dada alisema. Na ndani ya sauti ile kulikuwa na kicheko. Alikuwa anamtania, yeye, fundi wa maneno machache.

Kasuku alisimama na kidonge mkononi. Alitafuta jibu, na kwa kweli lilikuwapo, zuri, la kuwachekesha wote wawili. Akakirudisha kidonge kwenye paketi, na moto wake kifuani akauacha uwake. Kisha akaweka mkono wake mtupu juu ya kile kiganja, akakishika.

"Hapana, dada," alisema.

Kiganja hakikuondoka mara moja.