Mume wa Kwenye Jarida

Habari kwamba ameolewa aliipata kazini, kutoka kwa msimamizi wake.

Alikuwa ameinamia vibao viwili vya rangi ya buluu, akilinganisha rangi iliyochanganywa asubuhi na ile ya wiki iliyopita, msimamizi alipoingia maabara huku anatabasamu.

"Hongera, mkemia. Kumbe una seremala nyumbani na unatuficha."

Alidhani ni utani, akaendelea na vibao vyake. Msimamizi akamsogezea simu. Lilikuwa jarida la wahitimu wa chuo walichosoma wote wawili kwa miaka tofauti, ule ukurasa wa kueleza nani yuko wapi siku hizi. Jina lake lilikuwepo, majina yote matatu, na chini yake maneno haya: anaendesha kitalu cha miche pamoja na mumewe ambaye ni seremala, wana watoto watatu, akikumbuka chuo, anakumbuka zaidi kiti cha dirishani kule maktaba.

Akasoma, akarudia. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, na mche pekee aliowahi kuumiliki ulimfia ndani ya kopo. Ila mwenye maisha hayo alimjua vizuri. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Na mdogo wake hakuwahi kusoma chuo chochote.

Kilichomvuruga zaidi ni kile kiti. Yeye maktaba ilikuwa inamletea usingizi. Alisomea kitandani, miguu ukutani, miaka yote.

Mchana aliipigia simu ofisi ya wahitimu. Karani aliyepokea alikuwa na sauti ya upole.

"Lakini dada, tulikupigia wenyewe. Namba tuliyonayo ni hii." Akaitaja. Ilikuwa laini ya zamani ya mkemia, aliyomwachia mdogo wake aliponunua nyingine. "Tuliongea vizuri tu. Samahani kusema, siku ile ulikuwa mchangamfu kuliko leo."

"Hamkuongea na mimi."

"Basi tusahihishe. Niandike nini?"

"Andika nafanya kazi kiwanda cha rangi."

"Sawa. Na nini tena?"

Mkemia alifungua mdomo, halafu akajikuta anatazama madebe yaliyopangwa rafuni. Miaka kumi na mitano mizima ya maisha yake ilikuwa humo, na hakuona neno la kuifuatisha ile sentensi ya kwanza.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Siku alizosubiri mpaka Jumamosi, aende kwa mdogo wake, hakujua ashike lipi. Asubuhi alikuwa na hasira. Jioni hasira imeyeyuka, amebaki na kitu kingine asichokijua jina. Wafanyakazi wenzake wakamsalimia "mama watatu". Mmoja akamuuliza bei ya kitanda.

Alimkuta mdogo wake kwenye kivuli cha neti, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Nyuma ya nyumba msumeno wa shemeji ulikuwa unalia.

"Umekuja mapema, dada. Chai ipo."

"Sijaja kunywa chai. Umewaambia nini watu wa chuo?"

Mdogo mtu hakuacha kujaza udongo. "Alipiga mtu, akasema, dada, tunataka kujua unafanya nini siku hizi. Nikamwambia. Nilikuwa nimeshafika kwenye watoto ndipo akataja jina lako."

"Ungemwambia hapo hapo."

"Ningemwambia." Akapapasa kiriba, akakiweka kando. "Lakini alikuwa anasikiliza. Anauliza, anacheka. Sijui, dada. Nikaendelea."

"Na kiti cha dirishani? Mimi sijakaa kwenye kiti hicho."

"Nimekaa mimi."

Mkemia akamtazama.

"Ile siku mama alinituma nikuletee shuka na viatu. Wewe ulikuwa kwenye mtihani mpaka jioni. Nikaingia maktaba kukusubiri. Nikachukua kitabu, hata sikumbuki cha nini, nikakaa dirishani. Watu wanapita, hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Msichana mmoja aliazima kalamu yangu, akanirudishia. Nikajua na mimi mwakani nitakuwa hapa."

Mwaka huo uliofuata mama yao alipooza upande mmoja. Mkubwa alikuwa amebakiza muhula wa mwisho. Mdogo, na barua ya kukubaliwa chuo mkononi, ndiye aliyebaki nyumbani. Ilikuwa imesemwa kwamba mkubwa akipata kazi atamvuta mwenziwe. Kazi ilipatikana, lakini mama bado alihitaji wa kumgeuza kitandani. Alipofariki, mdogo mtu alikuwa na mume na mimba ya pili, na neno chuo halikutajwa tena na yeyote.

Mkemia alitaka kusema kitu kuhusu hayo. Kabla hajakipata, gari dogo la mizigo lilisimama langoni, akashuka mwanamke mnene mwenye miwani, anaongea kabla mlango haujafungwa. Alimtambua papo hapo: aliishi naye chumba kimoja chuoni, na wote walimwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Wewe!" Redio akamkumbatia mkemia. "Nilipopiga ile namba yako ya zamani ulisema umenenepa. Mbona uko vilevile? Nimekuja kuchukua miche ya shule yangu, kama tulivyokubaliana."

Mkemia akamgeukia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatazama udongo.

"Tulikubaliana lini?" mkemia akauliza.

"Juzi si tumeongea mpaka sikio likapata moto? Haya, nionyeshe. Nataka ya kivuli, inayokua upesi, isiyong'oa msingi wa madarasa."

Mkemia aliangalia safu za miche. Yote ilikuwa kijani. Akanyoosha kidole kwenye mmoja uliochangamka.

"Huo utakung'olea mpaka choo," mdogo mtu akasema taratibu, akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Shikamoo. Mimi ndiye uliyeongea naye juzi. Huyu ni dada yangu, ndiye mliyesoma naye. Mimi sikusoma."

Redio alinyamaza. Mkemia hakuwahi kumwona amenyamaza akiwa macho.

"Lakini ulicheka," Redio akasema hatimaye. "Kile kisa cha mpishi aliyejifungia stoo. Ulicheka mpaka ukakohoa."

"Kilichekesha."

Redio akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavua miwani na kuifuta. "Sasa mimi nimkasirikie nani?" Akaivaa tena. "Haya, nipe hiyo isiyong'oa choo."

Walipakia miche watatu kwa pamoja. Redio alirudisha sauti yake kidogo kidogo, na maswali yake mengi yalikwenda kwa mdogo mtu: maji kiasi gani, mbolea ipi. Mkemia alibeba tu. Mara moja aliwasikia wanacheka nyuma ya gari, akaona wivu, na hakujua anamwonea wivu yupi.

Gari lilipoondoka, alikaa kwenye ndoo.

"Ungependa kusoma hata sasa?" akamuuliza mdogo wake. "Nitakusaidia. Kweli."

Mdogo mtu alichukua kiriba kingine. "Sijui, dada. Zamani ningekujibu kabla hujamaliza. Sasa nikiwaza darasa, nawaza pia nani atamwagilia hapa. Usinibane leo."

"Na kwenye jarida niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

"Upi?"

Mdogo wake akamsogezea rundo la viriba vitupu, akamwonyesha jinsi ya kushindilia udongo bila kupasua kifuko. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilisimama, kimeinama kidogo upande mmoja.