Macho Yasiyofumbika

Willis alinunua samaki wa kukaanga kwa Teresa, akamfunika kwa gazeti, akampa mwenye karai mgongo na kula akitazama ziwa. Hakuwa na ugomvi naye. Aliogopa macho yake tu. Mji mzima wa Sindo ulikuwa umeshakubaliana kwamba Teresa ana sihoho: akikutazama ukila, chakula kinakugeukia tumboni, na mtoto anayenyonya ndiye huumia zaidi.

Macho hayo yalianza kumtoka mwaka jana, pamoja na uvimbe shingoni na moyo wa kwenda mbio. Sasa kope hazikutani hata akilala. Asubuhi huamka macho yakiwaka kama yametiwa mchanga, na la kulia limeanza kuona ukungu. Wateja wamepungua hadi mafuta yanapoa kwenye karai. Hilo angelivumilia. Lililomkata maini ni kwamba Beverly, mke wa mwanawe Frankline, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume nyumba ya pili tu, na yeye nyanya mtu hakuruhusiwa kumwona.

Alikwenda hospitali, Homa Bay. Daktari wa macho, kijana mwenye haraka, alimmulika.

"Mama, macho yako inakauka kwa sababu ya hiyo tezi ya shingo. Kioo ya mbele ikipata kidonda, hutaona tena. Usiweke kitu ingine isipokuwa hii dawa."

"Na shingo, daktari?"

"Hiyo si yetu. Enda kliniki ya shingo."

Kliniki ya shingo walitaka kipimo cha damu kwanza. Mashine ya damu ilikuwa imeharibika. Aliporudi mwezi uliofuata ilikuwa bado imeharibika, na daktari wa macho alikuwa semina. Tyubu ya dawa ilikuwa imekwisha. Dirishani walimwambia anunue nje.

"Nje wapi?"

"Nje, mama. Next!"

Jioni hiyo wifi yake Peres alimkuta ameketi mlangoni. Tangu mume wa Teresa afariki, Peres ndiye msemaji wa boma, na Frankline hampingi.

"Min Frankline," Peres alimwita kwa Kiluo, mama Frankline, "mimi sikuchukii. Kuna majani ya kuosha macho. Ukikubali tukuoshe mbele ya watu, hiyo kitu itatoka."

"Daktari alinikataza kuweka kitu."

"Na yeye amekupa nini?"

Teresa aligeuza tyubu tupu mkononi. Alikuwa amechoka kuogopwa.

"Nikioshwa, nitaona mtoto?"

"Utamshika."

Waliomwosha walikuwa wanawake wa kanisani kwake, tena bila ubaya wowote. Mmoja alimshika mkono akimwimbia. Maji ya majani yalimchoma hadi akapiga ukemi. Wakamwambia avumilie, ndiyo inatoka. Macho yakavimba, yakatoa usaha. Kisha maumivu yakapoa na weupe ukatanda, jicho moja, halafu la pili. Frankline alimkimbiza Homa Bay. Daktari yule kijana alimfokea Teresa kwa kuchelewa, akasema labda upasuaji, Kisumu, lakini kwanza shingo itulie. Mashine ya damu ilikuwa haijatengenezwa.

Jumapili Peres aliitisha maombi ya shukrani. Kuku wakachinjwa. Watu walikula wakimwelekea Teresa, wengine wakimwita mama kwa sauti ya upendo ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi. Alitamani kuwachukia wote. Ndipo Beverly akampakatisha mtoto, na chuki ikamtoka.

Alimpapasa paji la uso, pua, masikio laini.

"Amefanana na nani?"

"Na wewe, mama," Beverly alisema kwa furaha. "Ako na macho kubwa kama..."

Uani hakuna aliyetafuna. Peres alikohoa. Chini ya vidole vyake, Teresa alihisi kitambaa kikishushwa taratibu juu ya uso wa mtoto.