Somo Hafukizi Leo

Kila aliyesikia kwamba Bi Mahfudha anaugua mapafu aliuliza kama alikuwa akivuta sigara. Swali hilo lilimkera kuliko ugonjwa. Sigara hakuigusa maisha yake yote. Alichovuta ni moshi wa kazi yake: miaka arubaini alipika udi kwa makaa, sandali na sukari na marashi, katika chumba chenye dirisha moja, na mabibi arusi wa Mji wa Kale aliowafukiza kwa mkono wake hawana idadi. Sifa zilimjia, na mapafu yakaharibika kidogo kidogo bila kumpigia hodi.

Sasa alikaa ghorofani na mashine ya oksijeni, na mjukuu wake Nasiha alikuwa anaolewa. Zakariya, babake Nasiha, alishakata shauri: mama atabaki juu, ataonyeshwa picha kwenye simu. Bi Mahfudha alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Alimngoja nesi.

Sista Mwikali alikuja mara tatu kwa wiki kumhudumia nyumbani. Alikuwa mtu wa Kitui, udi na ubani kwake kitu kimoja, lakini mapafu aliyajua.

"Nataka kushuka siku ya kupambwa Nasiha," Bi Mahfudha alimwambia. "Somo wake, wa kumfunda na kumfukiza, ni mimi. Somo haonyeshwi picha."

Mwikali alitoka akahesabu vidato vya ngazi, ishirini na viwili, akarudi. "Tutaanza na vitatu, Bibi."

Wiki tatu walifanya kazi hiyo. Vuta kwa pua. Binya midomo, toa pumzi polepole kama anayepoza uji. Kanyaga huku ukitoa. Ukichoka, inama mbele, egemeza mikono magotini, legeza mabega. Bi Mahfudha alimwita askari jela, alimwita mkoloni, kisha akavuta kwa pua akakanyaga kidato cha nne. Mwikali naye aliwakalisha watu wote wa nyumba akawaeleza jambo moja: siku hiyo mgonjwa atashuka na mtungi wa oksijeni, kwa hiyo pasiwe na moto wala moshi chini. Kila mtu aliitikia.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wanawake. Bi Mahfudha alishuka, mpira wa hewa puani, Mwikali nyuma yake amebeba mtungi mdogo. Kwenye kidato cha kumi na tano harufu ikampanda usoni. Kifua kikafunga. Aliketi palepale, akainama mbele, akabinya midomo.

Chini, wifi yake Bi Swafia alikuwa amesimama mbele ya bibi arusi na chetezo cha udi kinachofuka.

"Turudi juu," Mwikali alinong'ona. "Sasa hivi."

Bi Mahfudha alitikisa kichwa. Alijua akirudi juu leo, hatashushwa tena ila na wanaume wanne na jeneza.

"Swafia," alisema pumzi ilipomruhusu, "si mliambiwa?"

"Ni udi wako mwenyewe, wifi." Bi Swafia alishangaa kweli. "Ule wa mwisho uliopika, niliuweka mkebeni kwa siku hii. Nikajua huu hautakudhuru. Ni wa mkono wako."

Mahaba haya yalimtia Bi Mahfudha hasira kuliko uadui. Alipumua mara tatu, Mwikali akitazama kidude cha kupimia oksijeni alichombana kidoleni na kukunja uso.

"Huo ndio ulioniua," alisema. "Kitoe nde, barabarani."

"Bibi arusi asiyefukizwa, wakwe watasema nini?"

"Nani humfukiza bibi arusi katika mji huu?"

Ukumbi mzima ulijua jibu.

"Ni somo. Na somo ndiye mimi, na leo sifukizi. Mwengine akimfukiza Nasiha, basi aniambie hapa, mbele ya watu, kwamba mimi n'shakufa." Akashika nguzo ya ngazi. "Sipandi, na kwenye moshi sishuki. Nitaketi papa hapa."

Hakuna aliyesogea. Mwikali alisimama kati yake na moshi, akampepea kwa daftari lake la wagonjwa. Bi Mahfudha aliona haya, mbele ya wanawake aliowaozesha mabinti zao, akihangaikia pumzi. Hata hivyo hakuinuka.

Ndipo Nasiha akaondoka kitini. Bibi arusi aliyefichwa ndani siku saba, hina ingali mbichi mikononi, alimpokonya Bi Swafia chetezo, akapita katikati ya wageni, akafungua mlango wa barabarani mchana mweupe, akakitua nje. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa buibui. Nasiha aliporudi, hina imeharibika viganja vyote, alifungua madirisha moja baada ya jingine na hakuomba radhi.

Walingoja hewa itakate. Mwikali alisoma kidude, akasoma tena. "Vimebaki saba," alisema. "Polepole."

Bi Mahfudha alivuta kwa pua, akabinya midomo, akakanyaga. Ilimchukua dakika kumi, na hakumkubalia mtu kumshika mkono. Aliketi kando ya mjukuu wake, jasho likimtiririka, akaishika ile mikono yenye hina iliyochafuka.

"Watu watatusema, wifi," Bi Swafia alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nawaseme," Bi Mahfudha alijibu. "Nipo niwasikie."